Nimenunua CD, je, naweza kuinakili?

Huku Kilwa Masoko hata Lindi mjini, wapenzi wa nyimbo za kwaya hutuuliza: nikihamishia CD yangu kwenye flashi nisikilize safarini, nimeiba? Hapana. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaruhusu kunakili muziki kwa matumizi binafsi. Ndiyo maana kufuli za kuzuia kunakili huwaudhi wanunuzi. Mwaka 2005 Sony BMG ililazimika kuziondoa sokoni CD zilizoingiza programu ya siri kwenye kompyuta za wateja. Nani amwekee mteja wake mtego?

Kuchoma CD za kuuza, au kurusha nyimbo kibandani kwa malipo, ni jambo jingine. Hapo tunagusa amri ya saba, kwani wanakwaya walichangishana fedha za studio, na mara nyingi hata hizo hazijarudi.