Daniel Adongo na Safari ya Mlinzi Asiyeteuliwa

Futiboli ya Kimarekani, mchezo unaotofautiana sana na soka ingawa jina lake linaweza kumchanganya msikilizaji, haina mizizi katika mtaa wa Nyakabiga wala katika mitaa mingine ya Bujumbura, ambako vijana hukua na soka na basketi. Hata hivyo mchezo huo hauko mbali na Warundi kama inavyodhaniwa. Kuanzia mwaka 2007 maelfu ya Warundi waliokimbia nchi yao mwaka 1972 na kuishi kwa miongo katika kambi za Tanzania walipewa makazi Marekani, na watoto wao wamesoma katika shule ambazo futiboli ndiyo mchezo mkuu wa msimu wa vuli. Kwa sababu hiyo inafaa msomaji wa Afrika Mashariki aelewe jinsi mchezaji anavyoingia katika ligi kubwa ya mchezo huo, na hasa jinsi anavyoingia yule ambaye hakuna timu iliyomteua. Mfano ulio karibu zaidi ni wa Mkenya Daniel Adongo.

Mchezo wenyewe huchezwa na wachezaji kumi na mmoja kila upande, katika uwanja wenye urefu wa yadi 100, yaani takriban mita 91, kati ya mistari miwili ya goli. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusonga mbele angalau yadi 10, na ikifaulu hupewa majaribio mengine manne, lakini ikishindwa hulazimika kuuachia mpira upande wa pili. Kazi ya walinzi ni kuwanyima washambuliaji yadi hizo kwa kumkamata anayekimbia na mpira, kuinasa pasi ikiwa hewani, au kumwangusha mrusha mpira, ambaye ndiye kiongozi wa mashambulizi, kabla hajautoa mpira mkononi. Walinzi wa mstari wa kwanza husimama ana kwa ana na wapinzani wao, na nyuma yao husimama walinzi wa mstari wa pili. Hawa wa pili wanatakiwa kuwa na nguvu za kupambana na watu wazito na pia wepesi wa kumfuata mkimbiaji, na ndio waliomkaribisha Adongo katika kundi lao.

Njia ya kawaida ya kuingia katika ligi kuu ya Marekani, inayojulikana kwa herufi NFL, ni uteuzi unaofanywa kila mwaka katika majira ya kuchipua, ambapo timu 32 hupokezana zamu katika raundi saba kuchagua wachezaji wanaotoka vyuo vikuu. Mwaka 2013 walichaguliwa wachezaji 254. Asiyetajwa hafungiwi mlango, kwa kuwa anaweza kusaini mkataba na timu yoyote itakayomtaka, ila anaingia bila kinga. Timu iliyomteua kijana katika raundi ya kwanza imemlipa fedha nyingi na itamvumilia anapojifunza, lakini asiyeteuliwa huachwa mara tu anapopatikana mwingine aliye bora kidogo. Kambi ya mazoezi ya kabla ya msimu huwa na wachezaji wapatao 90 katika kila timu, na idadi hiyo hupunguzwa hadi 53 kabla ya msimu kuanza, maana yake ni kwamba zaidi ya wachezaji elfu moja katika ligi nzima hupoteza nafasi zao ndani ya majuma machache. Wengi wao ni wale wasioteuliwa.

Adongo alizaliwa Nairobi mwaka 1989, na mchezo wake ulikuwa raga. Akiwa na urefu wa karibu mita 1.96 na mwili mzito uliokwenda kwa kasi isiyotarajiwa, alitafuta maisha ya kulipwa nje ya Kenya, akapitia klabu za Sharks na Blue Bulls za Afrika Kusini, akachezea Counties Manukau ya New Zealand, kisha akarudi Afrika Kusini kujiunga na Southern Kings. Mwishoni mwa Julai 2013 timu ya Indianapolis Colts, iliyokuwa chini ya kocha Chuck Pagano, ilimpa mkataba ingawa alikuwa hajawahi kucheza hata mchezo mmoja wa futiboli ya Kimarekani. Hakuwa amesoma katika chuo kikuu cha Marekani, hakuwa na rekodi ambayo wachunguzi wa vipaji wangeweza kuipima, na alipofika kambini wenzake wengi walikuwa na miaka kumi au zaidi ya kuucheza mchezo ambao yeye alianza kufundishwa jinsi ya kusimama.

Kambi ilipokwisha, Colts hawakumweka miongoni mwa wale 53, bali walimweka katika kikosi cha mazoezi, ambacho mwaka huo kilikuwa na nafasi nane tu kwa kila timu. Mchezaji wa kikosi hicho hufanya mazoezi na wenzake wiki nzima, mara nyingi akiiga mbinu za timu pinzani ili wachezaji wakuu wajitayarishe, lakini wakati huo siku ya mchezo hakuvaa jezi, na mkataba wake ungeweza kukatishwa siku yoyote. Tofauti ya malipo inaonyesha ukubwa wa pengo hilo: mwaka 2013 kiwango cha chini katika kikosi cha mazoezi kilikuwa dola 6,000 kwa wiki, ilhali mchezaji wa mwaka wa kwanza aliyedumu katika kikosi kikuu msimu mzima alilipwa angalau dola 405,000. Mapema Desemba Adongo alipandishwa, na tarehe 8 Desemba 2013, dhidi ya Cincinnati Bengals, akawa Mkenya wa kwanza kucheza katika ligi hiyo.

Kazi aliyopewa haikuwa ya ulinzi wa kawaida, bali ya vikosi maalumu, yaani makundi yanayoingia uwanjani mpira unapopigwa kwa mguu kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Humo ndimo wasioteuliwa wengi hulipia nafasi zao, kwa kukimbia kwa kasi yote uwanja mzima na kumwangusha anayeupokea mpira, na kwa mchezaji wa raga kazi hiyo haikuwa ngeni. Ugumu ulikuwa katika ulinzi wenyewe. Raga hukataza kumzuia mtu asiye na mpira, kwa hiyo mlinzi wake humwendea mwenye mpira moja kwa moja, lakini katika futiboli ya Kimarekani mlinzi lazima kwanza ajinasue kutoka kwa mtu anayeweza kuwa na uzito wa kilo 140 ambaye kazi yake pekee ni kumzuia. Isitoshe, kila jaribio hudumu sekunde chache tu, na katika muda mfupi kabla yake mlinzi hutakiwa kusoma mpangilio wa wapinzani, kukumbuka mbinu iliyoitwa na kujua kama atashambulia, atasubiri au atarudi nyuma kulinda pasi. Katika nafasi hiyo hiyo Colts walikuwa na Robert Mathis, aliyeongoza ligi nzima msimu huo kwa kuwaangusha warusha mpira, na ambaye alikuwa katika msimu wake wa kumi na moja wa kulipwa. Adongo alisumbuliwa pia na majeraha, akacheza michezo michache tu katika misimu ya 2013 na 2014, na Colts walimwacha mwaka 2015.

Si haki kuuita mwisho huo ushahidi kwamba Mwafrika Mashariki hawezi mchezo huu. Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka aliyekuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, alizaliwa Indianapolis, akacheza Boston College, akateuliwa na New York Giants katika raundi ya kwanza mwaka 2006, akadumu hapo hadi 2014 na kuwa katika timu iliyotwaa ubingwa mara mbili. Wala kutoteuliwa hakumzuii mtu kufika kileleni. James Harrison, aliyecheza nafasi ile ile ya Adongo, hakuteuliwa mwaka 2002, akaachwa mara kadhaa, na bado mwaka 2008 alichaguliwa kuwa mlinzi bora wa ligi akiwa na Pittsburgh Steelers. Watu hao wawili wanafanana katika jambo moja ambalo Adongo hakulipata: walipoingia katika ligi walikuwa wameshaujua mchezo, na kilichobaki kilikuwa kuthibitisha kwamba wanauweza.

Ligi yenyewe ilikuja kulitambua pengo hilo la ujuzi. Mwaka 2017 ilianzisha mpango wa wachezaji wa kimataifa, ambao huwafundisha wageni kwa miezi kadhaa kabla ya kuwapeleka kwenye timu, kisha huipa timu nafasi ya ziada katika kikosi cha mazoezi ili mgeni asiachwe kwa sababu tu hajakomaa. Mlinzi Efe Obada, aliyezaliwa Nigeria na kukulia Ulaya, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kupita humo. Katika mchezo wake wa kwanza wa msimu akiwa na Carolina Panthers mwaka 2018, alimwangusha mrusha mpira na pia akanasa pasi, na aliendelea kucheza katika ligi kwa misimu kadhaa baadaye. Mwaka 2022 ligi ilifanya kambi yake ya kwanza ya kusaka vipaji barani Afrika huko Accra, na mwaka uliofuata ikafika Nairobi.

Warundi wana mfano wao wa mwanamichezo aliyehama: Vénuste Niyongabo, mkimbiaji mahiri wa mita 1500, alimwachia Dieudonné Kwizera nafasi yake katika mbio hizo kwenye Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996, akakimbia mita 5000 na kuipa Burundi medali yake ya kwanza, ya dhahabu. Lakini Niyongabo alihama ndani ya ufundi aliokuwa ameumiliki tayari, wakati Adongo alihama kutoka ufundi mmoja kwenda mwingine, akapewa chini ya miaka mitatu kujifunza kile ambacho wenzake walikianza utotoni. Kijana wa Nyakabiga mwenye urefu na kasi, au ndugu yake anayesoma Marekani, hana budi kulizingatia hilo kabla ya kuvutiwa na habari za mishahara. Mwili mzuri unaweza kumpatia mtu mkataba hata bila kuteuliwa, lakini nafasi ya kubaki hupatikana kwa ujuzi, na ujuzi huo unataka kocha, miaka na kuanza mapema. Mzazi, mwalimu au kiongozi wa klabu anayependa kumsaidia kijana kama huyo amtafutie kwanza mahali pa kujifunzia.