Tangi la Kwanza la Samaki: Maji Hutangulia

Tangi la samaki lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na kimo cha 30 hujaa kwa lita 54 za maji, na maji hayo peke yake yana uzito wa kilo 54. Kioo, mchanga na mawe vikijumlishwa, mzigo hukaribia kilo 70, kwa hiyo kabati la televisheni lenye miguu myembamba halifai kulibeba. Meza iwe imara na iliyonyooka, mbali na dirisha linaloingiza jua, maana jua huotesha mwani. Nyaya za umeme zining'inie chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kuingia humo, ili tone la maji linaloteremka kwenye waya lidondoke sakafuni.

Wengi huanza na bakuli la kioo na samaki mmoja wa dhahabu, na hakuna mwanzo mbaya kuliko huo. Samaki wa dhahabu huweza kupita sentimita 20, naye huchafua maji kwa kasi. Tena maji machache huharibika haraka: mabaki ya chakula yasiyoleta shida ndani ya lita 54 hutosha kuua ndani ya lita tano.

Kinachoua ni amonia. Samaki huitoa mchana na usiku, hasa kupitia matamvua, na chakula kinachooza huiongeza. Mtoni huchukuliwa na mkondo. Tangini haina pa kwenda, hivyo huwaunguza samaki matamvua yaleyale. Ukombozi huletwa na makundi mawili ya bakteria. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa naitriti, ambayo nayo ni sumu kwa kuwa huzuia damu kubeba oksijeni. Kundi la pili hugeuza naitriti kuwa naitreti, ambayo samaki huivumilia isipozidi, na mimea ya majini huitumia kama mbolea. Bakteria hawa hawaelei tu majini. Hujishikiza kwenye mchanga, mawe na zaidi ya yote kwenye sponji ya chujio, na kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita kuongezeka kiasi cha kutosha.

Basi tangi jipya huwashwa bila samaki. Chujio hufanya kazi saa 24, na kila siku hutupiwa chembe chache za chakula ili zioze na kuwalisha bakteria. Katika siku za mwanzo maji huweza kugeuka meupe kama yaliyooshewa mchele. Wageni wa kazi hii huingiwa na hofu wakayamwaga yote, ilhali ukungu huo huondoka wenyewe. Vipimo vya matone, vinavyouzwa katika maduka ya samaki wa mapambo, huonyesha amonia ikipanda kisha kushuka, halafu naitriti ikifanya vivyo hivyo. Zote mbili zikisoma sifuri huku chakula kikiendelea kutiwa, tangi liko tayari. Kipande cha sponji kutoka tangi la zamani lenye samaki wazima hufupisha sana safari hii.

Maji ya bomba huwa na klorini, ambayo hupotea yakikaa siku moja kwenye ndoo iliyo wazi, hasa pampu ya hewa ikiyatibua. Yakiwa yametiwa kloramini, kusubiri hakusaidii; hapo hutumika dawa maalumu ya kuiondoa. Maji ya visima yenye chokaa nyingi huwafaa gapi na plati kuliko neoni, wenyeji wa maji laini ya Amazon. Joto la nyuzi 24 hadi 27 huwatosha wote hao. Dar es Salaam na Mombasa hita haihitajiki sana. Nairobi, Arusha na Mbeya ni lazima.

Gapi ndiye mwalimu mzuri wa anayeanza, mradi ajulikane tabia yake: jike huzaa watoto hai takribani kila mwezi, na huhifadhi mbegu za dume hata akazaa mara kadhaa bila kupandwa tena. Anayetaka cha nyumbani zaidi ana samaki wa Ziwa Tanganyika aitwaye kitaalamu Neolamprologus multifasciatus, asiyefika hata sentimita tano, anayeishi na kuzaa ndani ya makombe matupu ya konokono. Hutaka mchanga mwororo, makombe mengi, na maji magumu yenye pH inayokaribia 9.

Samaki huingizwa wachache wachache. Mfuko waliokuja nao huelea tangini dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane, huku maji ya tangi yakiongezwa humo kidogo kidogo. Chakula kiwe kile kinachokwisha ndani ya dakika mbili. Kila wiki robo ya maji hunyonywa kwa mpira, pamoja na uchafu wa chini, na kujazwa mapya yaliyokwisha ondolewa klorini. Sponji ya chujio ikiziba husuuzwa ndani ya ndoo ya maji yaleyale yaliyonyonywa, kamwe si chini ya bomba, kwa sababu klorini ya bomba huweza kuwaua bakteria waliongojewa wiki sita.