West Side ya Buffalo: Mtaa wa Kando ya Mto

West Side iko magharibi mwa Buffalo, kando ya Mto Niagara. Ng'ambo ni Kanada. Desemba 1813 Waingereza walivuka mto wakaichoma Buffalo pamoja na Black Rock. Mwaka 1825 Mfereji wa Erie ulikamilika hapa, na 1927 Daraja la Amani likafunguliwa.

Mgeni aanzie Broderick Park, mwisho wa barabara ya Ferry. Hapo watu waliotoroka utumwa walivuka kwenda Kanada wawe huru. Leo, barabara ya Grant, utasikia Kiswahili cha Kongo na cha Burundi. Wazazi wa baadhi yetu walipata kimbilio ukingo uleule ambao wenzao waliukimbia. Tuwaulize safari zao wangali hai, tuziandike.