Jamaa wa Neno si Jamaa wa Maana: Istilahi za Utawala wa Nchi za Kiarabu na Uajemi

Katika maandishi ya Wajerumani ya mwisho wa karne ya 19, Mangi Rindi wa Moshi, yaani ile sehemu ya mlimani iitwayo leo Old Moshi, anatajwa kwa jina la Sultani Mandara. Mwaka 1885 wajumbe wa pande mbili walimfikia Mangi huyo: Mathews kwa niaba ya Sultani Barghash wa Unguja, na Jühlke kwa niaba ya kampuni ya Carl Peters. Kila mmoja aliondoka na hati yake, na kila upande ukadai kuwa nchi imekuwa yake.

Lakini Mangi hakuwa sultani. Mlima ulikuwa na Mangi wengi. Kibosho, Machame na Marangu kila moja ilikuwa na wake, na kihamba kilikuwa mali ya ukoo. Mtu akiitwa sultani, asomaye ng'ambo hudhani kwamba aweza kuitoa nchi nzima kwa alama moja ya wino. Hatusemi kwamba neno hilo ndilo lililoleta ukoloni. Twasema kwamba lilirahisisha dai.

Zamani zile neno la Kiarabu lilibandikwa juu ya mambo ya mlimani. Siku hizi kosa laweza kugeuka: mfasiri au mwalimu aelezaye siasa na uchumi wa nchi za Kiarabu na Uajemi hubandika maana zetu juu ya mambo ya huko, kwa sababu tu maneno yanafanana. Tutazame mifano mitano.

Kwanza, "dola". Kwa Kiarabu neno hili lina maana iliyo karibu na yetu. Kwa Kiajemi, hata hivyo, "dowlat" ni serikali, yaani rais na mawaziri wake, na juu yao, tangu mapinduzi ya mwaka 1979, yuko Kiongozi Mkuu. Mfasiri akiandika kwamba "dola limejiuzulu", atakuwa ameiangusha Iran nzima kwa kalamu. Neno lifaalo hapo ni "serikali", ambalo nalo asili yake ni Kiajemi.

Pili, "taifa". Kwetu taifa ni watu wote wa nchi. Kwa Kiarabu "taifa" ni kundi, na huko Lebanon ni jumuiya ya dini au madhehebu. Rais wa nchi hiyo kwa desturi ni Mkristo wa Kimaroni, waziri mkuu ni Msuni, na spika ni Mshia. Na kwa mwafaka wa mwaka 1989 viti vya bunge hugawanywa sawa baina ya Wakristo na Waislamu. Huo si "utaifa", bali ni mgawanyo wa madaraka kwa madhehebu.

Tatu, "wilaya". Wilaya ya Oman inakaribiana na yetu, na mkuu wake huitwa "wali", ndugu wa "liwali" tuliyemjua pwani. Wilaya ya Algeria ni sawa na mkoa. Lakini katika katiba ya Iran neno hilo hilo lina maana ya ulezi: mamlaka ya mwanachuoni wa sheria ya dini juu ya nchi. Hapo haifai kabisa kuandika "wilaya" bila maelezo.

Nne, "ufalme". Tumezoea kusema Umoja wa Falme za Kiarabu, ingawa sehemu zake 7 kwa Kiarabu ni "imarati", yaani nchi za amiri. Jina limekwisha kuenea na hatupendekezi lifutwe. Ila mwalimu atakwama atakapoeleza kwamba Bahrain iliacha kuwa nchi ya amiri ikawa ufalme mwaka 2002, maana kwa mazoea yetu itakuwa imetoka ufalme ikaingia ufalme.

Tano, na hili ndilo zito kuliko yote, "kodi". Kiswahili hutumia neno hili kwa malipo ya raia kwa serikali, na pia kwa malipo ya mpangaji kwa mwenye nyumba. Mwaka 1970 mchumi wa Kiirani Hossein Mahdavy alieleza aina ya dola ambalo hupata fedha zake nyingi kutoka nje, kwa malipo ya mali asili kama mafuta, bila kutegemea michango ya raia wake. Tukiliita "dola linaloishi kwa kodi", tumeipindua hoja juu chini. Tunapendekeza "dola la mrabaha", kwa kuwa neno mrabaha limekwisha kutumika katika sheria zetu za madini. Tofauti hii ina uzito: asiyetoza raia hana haja kubwa ya kuwauliza maoni. Ndiyo maana Saudi Arabia ilipoanza kutoza kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2018, wataalamu waliona kwamba uhusiano wa mtawala na raia umeguswa.

Kutokana na mifano hii, mfasiri hana budi kujiuliza maswali matatu kabla ya kuchagua istilahi. Je, neno limetoka katika Kiarabu au Kiajemi, na kwa nani? Je, mwenye cheo hicho hupewa madaraka na nani, na nani aweza kumwondoa? Je, fedha zake hutoka wapi? Majibu yasipolingana na neno letu, ni heri kuacha jina la wenyewe, kama "amiri", na kulieleza mara ya kwanza litokeapo.

Hivyo ndivyo Rindi alivyostahili kutendewa. Neno "Mangi" lilikuwapo, nalo lilitosha. Wasomaji wenye maoni juu ya "dola la mrabaha" wanakaribishwa kutuandikia.