Betri za mabasi ya shule hufa njaa likizoni

Kila Januari shule zinapofunguliwa, hushuhudiwa mchezo ule ule katika nyua za shule zetu nyingi. Basi la manjano limesimama pale pale lilipoachwa Novemba. Dereva anazungusha ufunguo, stata inakohoa mara moja, kisha kimya. Fundi anaitwa, anagusagusa nyaya, anatikisa kichwa na kutoa hukumu: betri zimekufa, nunueni nyingine. Na kwa kuwa mabasi mengi makubwa hutumia volti 24, zinazonunuliwa ni mbili, kwa fedha ambazo mzazi alilipa akidhani ni za safari za masomo.

Ajabu ni kwamba hakuna aliyeuliza zilikufaje. Hazikufa kwa kazi. Zilikufa kwa kukaa.

Betri ya gari, ambayo asili yake ni uvumbuzi wa Mfaransa Gaston Planté wa mwaka 1859, ni sahani za risasi zilizotumbukizwa katika asidi ya salfa iliyozimuliwa kwa maji. Umeme unapotoka, uso wa sahani hizo hugeuka salfeti ya risasi. Umeme unaporudishwa, salfeti hiyo huyeyuka na sahani zikarejea hali yake. Lakini betri ikiachwa na njaa kwa majuma mengi, fuwele za salfeti hukua na kuwa ngumu, zikang'ang'ania sahani kama ukoko wa sufuria, na chaji ya kawaida haiwezi tena kuzibandua. Betri ya volti 12 iliyoshiba na kupumzika kwa saa kadhaa huonyesha takribani volti 12.7. Ikionyesha 12.2 imebakiwa na kama nusu ya nguvu zake, ikifika 12.0 iko taabani, na kila siku inayopita inaumia zaidi.

Ni nani anayeila ilhali gari limezimwa? Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Saa ya dashibodi, king'ora cha wezi, kumbukumbu ya redio na kile kifaa cha kufuatilia gari kwa setilaiti havilali. Chukua mathalani gari ambalo vifaa vyake, vyote pamoja, vinanyonya ampia 0.05 tu. Kwa saa 24 hiyo ni ampia-saa 1.2, kwa likizo ya majuma manane ni ampia-saa 67. Betri ya ampia-saa 100 imekwisha theluthi mbili, na hapo hatujahesabu chaji inayopotea ndani ya betri yenyewe hata isipounganishwa na chochote. Upotevu huu wa ndani huongezeka kwa haraka kadiri joto linavyozidi, hivyo basi la Malindi huumia kuliko la Limuru.

Madereva wetu wana dawa yao: kuwasha injini dakika tano kila Jumamosi. Nia ni njema, lakini dakika tano hizo aghalabu hulipa deni la stata yenyewe na kubakiza kidogo mno kwa deni la juma zima. Fauka ya hayo, injini haipati joto la kutosha kukausha unyevu unaojikusanya ndani yake. Afadhali basi liendeshwe mwendo wa saa nzima, ingawa mwalimu mkuu atauliza, na ana haki, dizeli hiyo italipwa na nani.

Kwa likizo fupi ya Aprili, inatosha kufungua nati na kuchomoa waya wa hasi. Gharama yake ni spana moja. Kwa likizo ndefu, betri inahitaji kulishwa kidogo kidogo, na hapa ndipo lugha yetu inapotuponza. Tunaita chaja kila kitu. Ipo chaja ya gereji, inayosukuma umeme mwingi ili kuiamsha betri kwa usiku mmoja; ukiisahau humo juma zima, itaichemsha na kuikausha. Ipo pia chaja ndogo inayojipima, ambayo betri ikishashiba hushusha nguvu hadi volti 13.5 hivi na kuishikilia hapo kwa miezi bila kuidhuru. Ningependa hii ya pili tuiite kitunza chaji, maadamu kazi yake si kujaza bali kutunza.

Jina jingine lenye madhara ni maji ya betri. Kinachopungua betrini ni maji, si asidi. Kwa hivyo kinachoongezwa ni maji yaliyokenekwa pekee. Nimewasikia wauzaji wakitumia jina hilo hilo kwa asidi, na mteja asiyejua akaondoka nayo akifurahi. Zile dawa za chupani zinazodaiwa kufufua betri iliyokufa siziamini hata kidogo.

Palipo mbali na soketi, jua lipo. Katika miaka ya 1990 wanakijiji wengi walibeba betri za gari kwa baiskeli hadi sokoni zikachajiwe, ili watazame televisheni ya rangi nyeusi na nyeupe. Wenye uwezo waliweka paneli ndogo ya sola juu ya bati. Maarifa hayo hayakutoweka. Paneli ya wati 10 hutoa kama nusu ampia jua linapowaka sawasawa. Kwa saa tano hiyo ni ampia-saa 2.5, mara mbili ya kile kilicholiwa katika hesabu yetu. Iwe na kidhibiti chaji, ili isiishibishe betri kupita kiasi, wala umeme usirudi kwenye paneli usiku. Iwekwe nje, kwani kioo cha gari hupunguza makali ya jua, na ifungwe barabara, maana wezi nao wanapenda sola. Basi la volti 24 lipewe paneli mbili, kila betri na yake. Na dereva asithubutu kuvuta umeme wa redio kutoka betri moja pekee. Hiyo moja itadhoofu na kumwangusha pacha wake.

Anayedhani haya ni mambo ya shilingi tu na aulize betri kuukuu huenda wapi. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwaachia wakazi sumu ya risasi kabla hakijafungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyeongoza kilio chao, alitunukiwa Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo, na Mahakama ya Juu ikaurejesha Desemba 2024. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na uharibifu huo haurekebishiki. Betri inayokufa kabla ya siku zake huongeza mzigo unaotafuta mahali pa kuyeyushiwa.

Kipima volti tayari kimo katika maabara ya fizikia ya shule nyingi za upili. Mlinzi ambaye hana likizo anaweza kufundishwa kukisoma kwa dakika kumi, akaandika nambari mbili kila Jumatatu asubuhi, moja ya kila betri, katika lile lile daftari la wageni.