Usitupe mufuko wala kopo: ndio ushahidi wako

Tarehe 4 Machi 2018, serkali ya Afrika Kusini iliamuru poloni, nyama ya sosiso ya kiwanda kimoja cha Polokwane, iondolewe madukani. Ilikutwa na mikrobe ya listeria. Ugonjwa huo uliua watu zaidi ya 200 tangu 2017. Bidhaa za kiwanda hicho zilikuwa zinafika katika inchi 15, Kongo ikiwemo.

Mikrobe hiyo haionekani kwa macho, na chakula kinaweza kunukia vizuri tu. Kinachokitambulisha ni namba ya loti iliyoandikwa kwenye mufuko.

Kwetu, OCC, iliyoundwa 1974, ndiyo inachunguza bidhaa zinazoingia. Na wewe uliyenunua una haki: kifungu cha 258 cha Kitabu cha Tatu cha sheria za kiraia kinasema anayemuumiza mwenzake kwa kosa lake anapaswa kulipa. Lakini tribinali itauliza: ulinunua nini, kwa nani?

Hapo ndipo mukaaji wa Bendera anaweza kupoteza. Ukinunua maziwa ya unga kwa kipimo, namba inabaki dukani. Basi, mbele ya kulipa, omba uione, uiandike pamoja na tarehe na jina la duka. Ukiugua, chakula kilichobaki usikitupe. Nenda kituo cha afya, uombe karatasi ya munganga.