Momenti zile zile, migawanyo tofauti

Mtu akiambiwa wastani wa urefu wa askari wa kikosi kimoja, hawezi kujua warefu ni wangapi na wafupi ni wangapi. Akiongezewa wastani wa vipeo vya pili vya urefu huo, ataelewa jinsi walivyotawanyika. Je, akipewa na vipeo vya tatu, vya nne, na kuendelea pasipo kikomo, ataujua mgawanyo mzima bila shaka? Hesabu hizo za wastani wanahisabati huziita momenti.

Kwa urefu wa askari jibu ni ndiyo. Hakuna askari afikaye mita 3, na kila mgawanyo uliofungiwa kati ya mipaka miwili hujulikana kwa momenti zake peke yake. Hata mgawanyo wa kawaida wenye umbo la kengele, ingawa hauna mpaka, hujulikana vivyo hivyo, kwa kuwa momenti zake hazikui kwa kasi ya kupita kiasi. Taabu huanza pale zinapokua mno.

Aliyeifichua taabu hiyo ni Mholanzi Thomas Jan Stieltjes, ambaye ujanani alianguka mitihani mjini Delft kwa kushinda maktabani akisoma vitabu vya mabingwa badala ya kuhudhuria masomo. (Tusiwashauri vijana wetu kumwiga!) Alifariki dunia mjini Toulouse, Ufaransa, tarehe 31 Desemba 1894, akiwa na umri wa miaka 38 tu. Katika maandishi yake makubwa ya mwisho alionyesha kwamba mikondo isiyo na idadi, kila mmoja na mawimbi yake, yaweza kuwa na momenti zile zile kamili, tangu ya kwanza hata isiyohesabika.

Jambo hili laonekana waziwazi zaidi katika kalkulasi ya q. Kalkulasi ya kawaida hutembea kwa hatua zinazopungua hata kukaribia sifuri. Mchungaji wa Kiingereza, Frank Hilton Jackson, mwaka 1910 alieleza namna ya kujumlisha kwa hatua za kuzidisha: kutoka namba moja twaenda kwenye q mara namba hiyo, kisha q mara q, na kuendelea. Tukichukua q kuwa nusu, vituo vyetu ni 1, nusu, robo. Na tukirudi juu, 2, 4, 8. Katikati ya vituo hapana kitu.

Sasa tuviwekee vituo hivyo uwezekano. Kituo cha 1 kipate asilimia 33.2, vituo vya 2 na nusu asilimia 23.5 kila kimoja, vya 4 na robo asilimia 8.3 kila kimoja, na vilivyobaki vigawane kidogo kilichosalia kwa kanuni ile ile. Momenti ya kwanza ni 1.414, ya pili 4, ya tatu 22.6, ya nne 256. Upo mgawanyo mwingine, laini, usio na vituo, ambao logi za thamani zake zina umbo la kengele. Huo nao una 1.414, 4, 22.6, 256, na nyingine zote bila kasoro. Lakini katika huo laini, asilimia 15 hivi huangukia kati ya 2 na 4. Katika ule wa vituo, humo hamna hata chembe.

Mwaka 1963 C. C. Heyde aliwakumbusha wanatakwimu kwamba mgawanyo huo wa logi haujulikani kwa momenti zake. Nao si mchezo wa darasani. Mwaka 1951 Danie Krige aliutumia kupimia madini ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini. Mpimaji akiletewa orodha ya momenti pekee, hata iwe ndefu namna gani, hawezi kuapa kwamba mwamba una mawe ya gramu 3 kwa tani.

Dawa ipo, nayo ni nyepesi: kila kipimo kigeuzwe kwanza kuwa logi yake, ndipo momenti zihesabiwe. Umbo la kengele likijitokeza katika momenti hizo za logi, hapana mgawanyo wa pili unaoweza kujificha nyuma yake.